Resti ya kuanguka: namna ya kuichagua na kuiweka sawa kwenye upinde wa kapi

Kijana alikuja kibandani kwangu Katwe, Kampala, na upinde umefungwa kwenye shuka, amepakiwa nao nyuma ya boda. Wiki tatu nzima alikuwa akisogeza resti, kile kishikio kinachobeba mshale kwa mbele, kushoto, kulia, juu, chini, mpaka vichwa vya skrubu vimeanza kulika, na mishale bado inaondoka ikitikisa mkia kama samaki. Nikamwambia, vuta taratibu nikuangalie. Akavuta mpaka mwisho. Uma wa resti ulinyanyuka nusu ya safari ukakomea hapo. Kamba yake ilikuwa imeteleza kwenye kebo (uzi mnene unaounganisha kapi, yale magurudumu ya nchani mwa upinde), kiasi cha upana wa kidole. Kuirekebisha hakukuchukua hata robo saa. Zile wiki tatu zilikuwa zimekwenda bure, kwa sababu alihangaika na skrubu kabla ya kuiangalia kamba.

Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwenye kazi hiyo: kufunga na kurekebisha resti za watu wanaowinda kwa upinde, wengi wao wageni na waongozaji wao, na vijana wachache wa hapa Kampala wanaolenga magunia tu. Mimi mwenyewe nilianza kama fundi baiskeli Arua. Ukishazoea kuweka sawa waya wa breki, resti haikutishi.

Neno moja la sheria kwanza. Uganda, mnyama wa porini si wa anayemkuta. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inataka kibali, na mwenye kusimamia mambo hayo ni UWA, mamlaka ya wanyamapori. Kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Uwindaji wa michezo unafanyika kwa vibali na katika maeneo maalumu, kama lile la pembeni mwa Ziwa Mburo ulikoanza kwa majaribio mwaka 2001. Kama huna kibali, mwongozo huu utakufaa vilevile kwa kulenga gunia.

Inavyofanya kazi

Mshale ukiwa kwenye upinde unashikwa sehemu mbili: nyuma kwenye ugwe, ule uzi unaouvuta, mbele kwenye resti. Resti ya zamani inakaa palepale, na manyoya ya mshale lazima yapite juu yake au katikati yake. Resti ya kuanguka ina uma mdogo unaoshika mshale wakati unavuta na mwanzoni mwa safari yake, halafu unalala chini ili manyoya yapite hewani bila kugusa kitu.

Tangu ufyatue mpaka mshale uachane na ugwe, kwenye upinde wa kisasa, ni kama sehemu 12 hadi 15 za elfu za sekunde. Ndani ya muda huo uma unatakiwa ufanye kazi mbili zinazopingana: ushike mshale muda wa kutosha kuuelekeza, kisha uwe umeshalala manyoya yanapofika. Ukianguka mapema mno, mshale haukuongozwa. Ukichelewa, manyoya yanaupiga. Mengine yote, urefu, upana, skrubu ndogo za kusogezea, yanafuata baada ya hapo.

Kuchagua

Ziko familia tatu, na tofauti yao ni kitu kinachovuta kamba.

Ya kwanza inavutwa na kebo. Springi inaulaza uma chini wakati wote, na kamba imefungwa kwenye kebo inayoshuka ukivuta upinde. Kebo ikishuka, kamba inakaza, uma unapanda. Ukifyatua, kebo inarudi juu, kamba inalegea, springi inaulaza. Ni rahisi kuelewa na ni nyepesi. Ubaya wake ni kwamba kamba ikikatika porini, uma haupandi tena na siku imeisha.

Ya pili inavutwa na bapa, namaanisha yale mabapa mawili ya upinde, juu na chini, yanayopinda ukivuta. Hapa kila kitu kimegeuzwa: springi inausukuma uma juu, na kamba iliyofungwa kwenye bapa inaushikilia chini upinde ukiwa umepumzika. Ukivuta, ncha za mabapa zinakaribiana, kamba inalegea, uma unapanda wenyewe. Ukifyatua, bapa linarudi kwa nguvu na kuung'oa uma kutoka chini ya mshale. Limb Driver ya Vapor Trail ni ya aina hii. Baadhi ya resti za Hamskea unaweza kuzifunga kwa namna yoyote kati ya hizi mbili. Kwa maoni yangu hii ya bapa inasamehe zaidi: uma unakaa juu sehemu kubwa ya safari ya ugwe, na kamba ikikatika uma unabaki juu, kwa hiyo bado unaweza kurusha, ingawa manyoya yatagusa.

Ya tatu ni ile inayofungika juu. Unaisukuma kwa kidole gumba, uma unapanda na kubaki juu, mshale umezungukwa pande zote. UltraRest ya QAD ndiyo inayojulikana zaidi. Raha yake ni mbili. Unaweza kutembea na mshale uko tayari hata ukiinamia vichaka. Na ukivuta, mnyama akageuka, ukarudisha ugwe taratibu, uma hauanguki. Nimemwona mgeni mwenye resti ya kebo akirudisha ugwe hivyo: uma ukalala, mshale ukagonga mpini, tik! Swala hakusubiri kuambiwa.

Sasa uamuzi. Kama unawinda kwa kunyemelea, unapita nyasi ndefu na mafunjo, chukua ile ya kufungika juu au ya bapa yenye kizuizi cha kuuzunguka mshale. Kama unakaa kwenye kificho na kungoja, yoyote kati ya tatu itakufaa. Na kama utakuwa mbali na fundi majuma kadhaa, huna kamba ya akiba wala subira, nunua ile ya brashi ya duara, Whisker Biscuit, uache kusoma hapa. Inayasugua manyoya ya mshale, ndiyo, lakini haina kitu cha kukatika. Si aibu. Wapo wanaomfuata nzohe, swala wa kwenye vinamasi, matopeni wasiotaka nyingine.

Ukiagiza nje, hakikisha mambo haya kabla ya kulipa: mkono gani unavuta (resti nyingi za mkono wa kulia hazigeuzwi kuwa za kushoto), mpini wako unaifunga kwa tundu la kawaida au kwa reli ya nyuma, na kama ina skrubu ndogo za kusogeza kidogokidogo zenye alama. Resti isiyo na alama hizo ni ya bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Mpya yenye ubora inavuka dola 100 za Marekani kirahisi, bado hujalipa usafiri na ushuru.

Kabla ya kugusa resti

Hakikisha kapi za juu na chini zinageuka na kufika mwisho pamoja. Kama moja inatangulia, hakuna resti itakayokuokoa. Angalia mishale: ikunje kidogo mmoja mmoja sikioni usikilize mlio wa ufa. Ugumu wa uti wa mshale uendane na nguvu ya kuvuta upinde na urefu wako wa kuvuta. Mshale laini mno utapasua karatasi vibaya hata ufanyeje.

Na jambo ambalo silirudii mara mbili kibandani kwangu: usifyatue upinde wa kapi bila mshale. Kila unapovuta kujaribu kitu, mshale uwe ugweni na gunia liwe mbele yako.

Vifaa: funguo za aleni, pimamaji mbili ndogo, jiriwa yenye vitambaa mdomoni ili isikwaruze mpini, uzi wa kufungia, kiberiti cha gesi, kalamu nyeupe ya kuchorea, na rangi ya mdomo. Hiyo ya mwisho utaiona kazi yake. Kwa gunia la kulengea, nenda soko la Owino ununue mabaki ya mitumba yasiyouzika, uyashindilie kwenye gunia la mahindi mpaka likatae kuingia kidole. Linazuia mshale na haling'ang'anii.

Hatua ya kwanza: kufunga na kupata mahali pa kuanzia

Funga upinde kwenye jiriwa, ugwe usimame wima kwa pimamaji. Funga resti kwenye tundu la mpini bila kukaza sana. Weka mshale, uma ukiwa juu, na uinue au ushushe resti mpaka uti upite katikati ya tundu hilo.

Halafu weka pimamaji ya pili juu ya uti. Mshale uwe sawa kabisa, au noki, kile kipande cha mkiani kinachoshika ugwe, iwe juu kidogo, isizidi milimita 3. Hapo ndipo unapofunga kitanzi cha ugwe, kile unachokishika kuvutia. Kitanzi kikishafungwa na kuchomwa ncha zake, usikiguse tena. Kuanzia hapo kinachosogea ni resti.

Upande kwa upande: pima kutoka ukuta wa mpini hadi katikati ya uti. Pinde nyingi za sasa zinaanzia inchi 13/16, karibu milimita 21. Kitabu cha upinde wako kikisema namba nyingine, kifuate. Kaza.

Hatua ya pili: kamba

Hapa kaa. Usiharakishe.

Kwa resti ya kebo, kwanza ujue kebo gani inashuka. Bandika kipande cha utepe kwenye kila kebo, mwenzako avute taratibu, wewe simama pembeni uangalie kipande kipi kinakwenda chini. Usikisie. Kisha funga kamba kwa muda kwenye kebo hiyo, kwa fundo linaloteleza, mwenzako avute tena. Unachotafuta ni hiki: uma uanze kupanda baadaye, na ufike juu kabisa katika inchi moja au mbili za mwisho za kuvuta, si kabla. Ukifika juu mapema mno, kuna inchi kadhaa ambazo kebo inaendelea kuvuta kamba isiyo na pa kwenda. Hapo ama kamba inateleza, ama inaivuta kebo na kuharibu mwendo wa kapi. Na uma uliopanda mapema unachelewa kulala.

Kwa resti ya bapa, upinde ukiwa umepumzika kamba iwe imekaza na uma umelala kabisa, unagusa chini. Ukivuta, uma upande mapema katika mwendo wa kuvuta, na ukifika mwisho kamba iwe imelegea. Ikiwa bado imekaza mwishoni, umeifunga karibu mno na mzizi wa bapa, mahali ambapo bapa halisogei vya kutosha. Isogeze kuelekea ncha.

Kwa ile ya kufungika juu, kamba iko kwenye kebo inayoshuka, na kila kampuni ina alama yake ya kulinganisha ukiwa umevuta. Fuata karatasi iliyokuja nayo. Jaribio langu ni moja: vuta, rudisha taratibu, uma ubaki juu. Vuta, fyatua kwenye gunia, uma uwe umelala. Mara kumi mfululizo. Mara tisa haitoshi.

Ukiridhika, funga moja kwa moja. Kibano cha plastiki kinachokuja na resti ni cha kuanzia tu, kwa sababu ndicho hasa kinachoteleza. Njia yangu ni kuzitenga nyuzi za kebo katikati kwa kijiti butu (usitumie bisibisi, utakata nyuzi), kupitisha kamba hapo, kisha kufunga uzi juu yake na chini yake, mizunguko kumi hivi kila upande. Upinde ukiwa na nguvu zake zote, usijaribu kuzitenga kwa nguvu. Upeleke kwa mwenye mashine ya kuubana. Ncha ya kamba ichome kwa kiberiti iwe kifundo kidogo cheusi, na usiruhusu moto ukaribie kebo. Mwisho, chora mstari mweupe unaovuka kamba na kebo pamoja. Siku mstari huo utakapoachana, utajua kamba imetembea kabla mishale haijakuambia.

Hatua ya tatu: rangi ya mdomo

Paka rangi ya mdomo kwenye kingo za uma, na kwenye rafu ya mpini chini yake. Rusha mshale mmoja ukiwa mita mbili au tatu kutoka gunia. Uchomoe, uangalie manyoya kwenye mwanga.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na hakika resti yangu ni safi. Kwenye nyoya la chini, upande wa ndani, kulikuwa na mkwaruzo mwekundu usiozidi punje ya mchele, na ncha ya nyoya imekunjika kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kinautupa mshale kiganja kizima pembeni kwenye mita 30.

Ukiona rangi, chunguza kwa mpangilio huu. Kwanza rudi kwenye kamba: uma unalala kabisa? Pili, uma unaweza kulala kisha ukaruka juu tena kama mpira. Bandika kitambaa laini cha kunata pale unapoangukia. Tatu, zungusha noki kidogo ili manyoya mawili ya chini yapite pande mbili za uma, nyoya la tatu likiwa juu. Nne, labda si resti, ni kebo: paka rangi na huko.

Simu za siku hizi zinapiga video ya polepole, picha 240 kwa sekunde. Inasaidia, lakini usiiamini sana. Picha moja huja kila baada ya sehemu 4 hivi za elfu za sekunde, kwa hiyo safari nzima ya mshale kwenye upinde unaipata kwa picha tatu au nne. Uma unaoruka juu utauona. Mkwaruzo wa punje ya mchele hutauona.

Hatua ya nne: karatasi

Sasa ndiyo unashika skrubu. Tengeneza fremu kutoka kwenye boksi, bandika ukurasa wa gazeti la Bukedde la jana (chagua ukurasa wa maandishi matupu, picha za mpira zinachanganya macho), gunia nyuma yake. Simama mita 2, rusha mshale uvuke karatasi. Tundu la ncha na mipasuko ya manyoya vikikaa pamoja, uko sawa. Mkia ukipasua pembeni, unakuambia ulikuwa wapi unapopita.

Mkia juu: pandisha resti. Mkia chini: shusha. Mkia kushoto: sogeza resti kushoto. Mkia kulia: kulia. Kwa kifupi resti inaufuata mkia. Sogeza kidogo sana, kama milimita 1.5 kwa juu na chini, chini ya milimita 1 kwa pembeni, na rusha mishale mitatu kabla ya kuamua. Mpasuko ukikataa kubadilika hata usogeze vipi, acha skrubu. Ama kuna mgusano, rudi kwenye rangi ya mdomo, ama ni mkono wako unaousokota mpini. Mpe mwenzako arushe upinde uleule. Yake ikipasua tofauti, tatizo limo kiganjani mwako.

Wengine hawalali mpaka wapate tundu moja safi kabisa kwenye karatasi. Mimi mpasuko wa nusu sentimita, mkia juu kidogo, nauacha. Mita mbili si mahali pa kumaliza kazi.

Hatua ya tano: vigumba

Karatasi inakuonyesha mshale ulivyoondoka. Kigumba chenye makali mapana kinaonyesha zaidi, kwa sababu makali yale ni mabawa ya mbele: yanashika upepo na kuukuza upungufu wowote. Mshale wenye ncha ya mazoezi utasamehewa na manyoya yake. Wenye kigumba hausamehewi.

Nenda mahali wazi. Mimi hutumia shamba la shemeji yangu Mukono, baada ya kuhakikisha hakuna mtu kwenye migomba nyuma ya gunia. Kwenye mita 20 rusha mishale mitatu ya ncha za mazoezi, kisha mitatu ya vigumba vyenye uzito uleule, alama ileile. Chomoa kila kigumba kabla ya kurusha kingine, la sivyo vitakatana.

Kisha sogeza resti ili vigumba vizifuate ncha za mazoezi. Vigumba vimekwenda kushoto, resti iende kulia. Vimekwenda juu, resti ishuke. Usikoroge hili na kanuni ya karatasi, maana kule ulikuwa unaangalia mkia, huku unaangalia kichwa kilipoangukia. Vikikutana mita 20, rudi mita 30, halafu 40 kama unafika huko kwa uhakika. Vikishakutana ndipo unasogeza saiti yako, kifaa cha kulengea. Kabla ya hapo usiiguse.

Kuitunza

Vumbi la Karamoja linaingia kwenye springi na kuifanya nzito. Lisugue kwa mswaki mkavu kila jioni. Usitie oili ya injini, itakuwa gundi kufikia kesho mchana. Upinde usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani: ugwe na kebo zinanyooka, na muda wa kamba unahama nazo. Kamba yenyewe ibadilishe mara nyuzi zinapoanza kuchanua, hata kama bado inafanya kazi.

Ya akiba naibeba imeshakatwa kwa urefu wake, kifundo kimoja kimechomwa tayari, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kiberiti na ufunguo mmoja wa aleni. Mfuko huo unakaa kwenye podo, si kwenye begi lililobaki garini.